Usafi wa draiva ya poti ya siriali: shutdown, remove, devm au miamala ya SerCx2, uchague kipi?

Kuna printa moja ya risiti ilinikosesha usingizi wiki mbili nzima. Ilikuwa kwenye ghala la korosho, inapokea uzito kutoka kwenye kaboksi kadogo kenye Linux kwa waya wa siriali, spidi 9600, inamchapishia mkulima tiketi yake. Kila kitu kinatoka fresh, namba, uzito, tarehe, ila karatasi haikatwi. Tiketi ya mtu wa pili inaungana na ya wa kwanza, ya tatu inaungana na ya pili, mpaka karani kaamua kuweka mkasi mezani. Tukabadilisha printa, tukabadilisha waya, tukalaumu umeme (huku kwetu umeme ndo mshtakiwa wa kwanza siku zote), kumbe mwizi ni mimi. Nilikuwa nimeandika draiva ya ile chipu ya siriali mwenyewe, na kwenye kolibaki ya usafi (fanksheni ambayo mfumo unaiita wakati wa kufunga) nikafanya haraka. Amri ya kukata karatasi huwa ndo ya mwisho kutumwa, na baiti za mwisho zilikuwa bado zimekaa ndani ya FIFO ya chipu (foleni yake ndogo ya baiti zinazosubiri kutoka) mimi naizimia kloki, yani mapigo yanayoiendesha.

Tangu hapo mtu akiniuliza "usafi wa draiva niuweke wapi" simjibu haraka. Jibu la mtaani ni "tumia devm ulale", yani zile fanksheni za Linux zinazorudisha zenyewe ulichoomba, na sio jibu baya, ila limekatwa nusu. Kwenye poti ya siriali kuna sehemu kama nne hivi unaweza kuweka usafi, zinafanana kwa mbali, na ukiweka kitu cha huku kule draiva inafanya kazi vizuri kabisa mezani kwako alafu inakuaibisha kwa mteja. Kwahiyo hapa naziweka sambamba, Linux kwanza kwa sababu ndo ninayoishi nayo kila siku, alafu Windows na SerCx2 yake (fremuweki yao ya draiva za siriali) ambayo kwa jambo hili wamewaza tofauti na inafaa kuiona hata kama hutaandika draiva ya Windows maishani mwako.

Kwanza jua kitu kinaishi mpaka lini

Ukinibana nichague swali moja tu la kujiuliza kabla hujaandika mstari wowote wa usafi, ni hili: hiki kitu kimezaliwa wapi? Kwenye draiva ya siriali kuna maisha matatu. Kuna maisha ya kifaa chenyewe, kuanzia probe (kifaa kinapopatikana) mpaka remove (kinapoondolewa). Kuna maisha ya poti ikiwa wazi, mtu wa kwanza anaifungua inaitwa startup, mtu wa mwisho anaifunga inaitwa shutdown, na hii inaweza kutokea mara elfu kwa siku bila kifaa kutoka. Alafu kuna maisha mafupi kuliko yote, ya usafirishaji mmoja: bafa moja (kipande cha memori chenye data) imepewa DMA, ile injini inayohamisha data bila prosesa, imekwenda, imeisha au imekatishwa njiani.

Kilichozaliwa probe kinafia remove. Kilichozaliwa startup kinafia shutdown. Kilichozaliwa kwenye usafirishaji kinafia usafirishaji ukiisha, uwe umeisha kwa heri au kwa shari. Inasikika rahisi, lakini karibu kila bagi ya usafi niliyowahi kuifukuza ilikuwa ni kitu kimezaliwa sehemu moja kikazikwa nyingine.

shutdown dhidi ya remove

shutdown ni moja ya kolibaki zilizo ndani ya uart_ops (orodha ya fanksheni ambazo draiva ya siriali inaipa keneli, moyo wa Linux), na keneli imeielezea vizuri: zima poti, ondoa break (laini ya kutuma kushikiliwa chini) kama ipo, achia intarapti (ishara ya chipu ya kumuita prosesa). Usiguse RTS wala DTR (waya za kuashiria utayari), hizo zimeshashughulikiwa na kolibaki nyingine, set_mctrl. Na ikishamaliza, usiiguse tena port->state. Inaitwa pale tu ambapo hakuna mtumiaji aliyebaki, na kwa kuwa kufuli linaloshikwa ni miuteksi ya poti (anayelisubiri analala) na sio spinloki (anayelisubiri halali), humo ndani unaruhusiwa kulala. Shika hilo la kulala, litarudi.

Mfano mzuri wa kuiga ni draiva ya PL011, ile UART (chipu ya siriali) ya ARM iliyopo mpaka kwenye Raspberry Pi. Mpangilio wake wa kuzima ni huu, nimeupunguza kidogo na kubadilisha majina:

```
static void boksi_shutdown(struct uart_port *port)
{
	struct boksi *b = to_boksi(port);
	unsigned long flags;
	u32 cr;

	uart_port_lock_irqsave(port, &flags);
	writel(0, port->membase + IMSC);  /* chipu inyamaze kwanza */
	uart_port_unlock_irqrestore(port, flags);

	boksi_dma_zima(b); /* inalala, iwe nje ya kufuli */
	free_irq(port->irq, b); /* inasubiri hendla imalize */

	cr = readl(port->membase + CR);
	writel(cr & (RTS | DTR), port->membase + CR);
	clk_disable_unprepare(b->clk); /* kloki mwisho kabisa */
}
```

Angalia mtiririko. Unaanza na anayepiga kelele, yani chipu inayotoa intarapti, unamnyamazisha. Alafu unazima anayebeba mizigo, DMA. Alafu ndo unaiondoa hendla, ile fanksheni inayoitwa intarapti ikipiga, na free_irq haitoki mpaka hendla iliyokuwa katikati imalize, sio kwamba inakata tu. Kloki inazimwa wakati hakuna mtu yeyote anayeweza kugusa rejista, vile visanduku vya kuiamuru chipu. Ukipindua mistari miwili tu hapo umejitengenezea tatizo linalotokea mara moja kwa wiki, na hayo ndo mabaya kuliko yote.

Pia angalia ule mstari wa CR, rejista ya kudhibiti. Kwenye PL011 biti za RTS na DTR zinakaa rejista moja na biti ya kuwasha UART, kwahiyo ukiandika sifuri kavu, kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, umeziangusha RTS na DTR bila kukusudia na modemu upande wa pili inadhani umekata simu. Draiva yenyewe ya PL011 wala haizimi yote, inaziacha hizo mbili kama zilivyo, na UARTEN na TXE (biti za kuwasha UART na kutuma) inaziacha zikiwaka.

Sasa turudi kwa printa. Watu wengi wakisikia kisa changu wanasema "sasa si ungeweka tu kungoja ndani ya shutdown mpaka FIFO iishe". Unaweza, lakini hapo sio mahali pake. Kabla ya kufika shutdown, keneli yenyewe inasubiri: mtu akifunga poti, inangoja data iliyobaki itoke, inakuuliza kupitia tx_empty "umemaliza?", ukisema bado inangoja kidogo inauliza tena. Muda wa kungoja wa kawaida, closing_wait, ni sekunde 30, ni mwingi kabisa. Shida ni kwamba tx_empty yangu ilikuwa inarudisha TIOCSER_TEMT siku zote, kama yule mtoto ukimuuliza umemaliza houmuweki anasema ndio bila kuinua macho. Niliiandika hivo siku ya kwanza ili kodi ikubali kukompaili, nikasema nitarudi. Sikurudi.

Piga hesabu uone. Kwa 9600 na mpangilio wa 8N1, kila baiti inabeba biti 10 (8 za data, moja ya kuanza, moja ya kumaliza), kwahiyo ni baiti 960 kwa sekunde, na FIFO ya baiti 16 inahitaji kama milisekunde 17 kumwagika. Keneli ikishaambiwa "tayari" inafika shutdown chini ya milisekunde moja. Zile baiti zangu za kukata karatasi hazikuwa na nafasi. Na mezani sikuliona kwa sababu nilikuwa najaribu na minicom, ambayo inafungua poti na kukaa nayo saa nzima, wakati programu ya ghalani ilikuwa inafungua, inaandika, inafunga, kila tiketi.

Kitu kingine hapohapo, ukiandika tx_empty usiangalie biti ya FIFO kuwa tupu peke yake. Kwenye PL011 rejista ya hali, FR, ina TXFE ambayo ni biti ya 7, inasema FIFO tupu, na BUSY ambayo ni biti ya 3, inasema bado kuna baiti inasukumwa nje kwenye waya. Ukiamini TXFE unapoteza baiti moja ya mwisho, na hiyo moja ni mbaya kuliko kupoteza 16 kwa sababu utabishana na mteja mwezi mzima.

remove yenyewe ina kazi chache kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza, na lazima iwe ya kwanza, ni uart_remove_one_port. Sababu yake wengi hawaijui: kama poti bado iko wazi wakati kifaa kinaondolewa, hiyo fanksheni inakata tty (ule upande wa poti ambao programu inaufungua), na katika kukata huko shutdown yako inaitwa. Yani shutdown inakimbia NDANI ya remove. Ukiwa umeanza remove kwa kuzima kloki au kuachia rejista, shutdown yako inakuja kugusa nyumba ambayo umeshaibomoa. Hii nimeiona kwenye draiva mbili tofauti za watu wazima kabisa.

Jambo dogo la matoleo: kuanzia keneli 6.11 remove ya platform_driver hairudishi kitu, ni void. Ukikuta draiva ya zamani inarudisha -EBUSY (era ya "niko bize") kwenye remove ujue ilikuwa inajidanganya, kifaa kinaondolewa hata ukikataa, ulichofanikiwa ni kuruka usafi uliokuwa umebaki chini.

goto kwa mkono dhidi ya devm

Hapa ndo ubishi wa kila siku. Kwa mkono maana yake probe yako ina lebo chini, era_kloki, era_irq, era_poti, ukikwama hatua ya tatu unaruka kwa goto unarudisha ya pili na ya kwanza, alafu remove nayo unairudia orodha ileile kichwa chini miguu juu. Faida yake ni kwamba unaona kila kitu, hakuna uchawi. Hasara yake ni kwamba baada ya miezi sita mtu anaongeza hatua katikati ya probe anasahau lebo, na njia ya era haijaribiwi na mtu yeyote mpaka siku kloki ikose kupatikana.

devm iliingia keneli mwaka 2007, kazi ya Tejun Heo, na wazo lake ni kwamba kila ulichoomba kinaandikwa kwenye daftari la kifaa, probe ikifeli au kifaa kikiondolewa daftari linasomwa kutoka chini kwenda juu na kila kitu kinarudishwa. Lebo zote zinakufa, nusu ya remove inakufa. Kwa rejista, kwa memori ya muundo wako, kwa kupata kloki, sioni sababu ya mtu kuandika kwa mkono sa hivi.

Ila daftari linasomwa BAADA ya remove kumaliza. Hilo ndo lililonichoma. Niliwahi kuandika draiva ambayo probe inaomba intarapti kwa devm_request_irq, lakini kloki nilikuwa nimeiwasha kwa mkono na naizima kwa mkono kwenye remove. Angalia kinachotokea: remove inazima kloki, inarudi, alafu ndo devm inakwenda kuiondoa hendla. Katikati hapo kuna kiupenyo ambacho hendla bado ipo hai na kloki imekufa. Laini ya intarapti tulikuwa tunaichangia na kifaa kingine, kile kikapiga, hendla yangu ikaitwa ikasoma rejista ya chipu isiyo na kloki, na kwenye ile bodi matokeo yake sio era nzuri yenye maandishi, bodi iliganda tu, kimya, hata logi haikupata nafasi ya kutoka.

Kwahiyo sio devm mbaya, kuchanganya ndo kubaya. Ama mnyororo wote uwe wa devm, kloki nayo uichukue kwa devm_clk_get_enabled, na kile chako cha kienyeji ambacho hakina devm yake ukisajili kwa devm_add_action_or_reset ili nacho kiingie daftarini kwa zamu yake, ama uvunje mnyororo juu kabisa: kuanzia kitu cha kwanza ulichofanya kwa mkono kushuka chini vyote viwe vya mkono. Katikati hapana.

Na kwa UART hasa kuna njia ya tatu ambayo mimi ndo naipenda: usiombe intarapti kwenye probe kabisa. Iombe startup kwa request_irq ya kawaida, iachie shutdown kwa free_irq, kama PL011 inavyofanya. Poti ikiwa imefungwa hakuna hendla, basi hakuna mtu wa kukuamsha usiku. Hapo devm haina kazi, na mtu akikuambia kwenye mapitio ya kodi "mbona hujatumia devm" mwambie intarapti yangu haiishi na kifaa, inaishi na poti. Ukiweka devm_request_irq ndani ya startup ndo utaona maajabu, maana daftari halisomwi poti ikifungwa, unafungua mara ya pili unaomba intarapti ambayo bado unayo.

Kuna na mgeni, cleanup.h, imeingia keneli 6.5 mwaka 2023. guard na __free. Hii mizuri yake ni ndani ya fanksheni moja: unashika kufuli kwa guard, ukirudi kutoka popote kufuli linaachiwa lenyewe. Sio mshindani wa devm wala wa shutdown, maisha yake yanaisha mabano yakifungwa. Na maelezo yake yenyewe yanasema usiichanganye na goto kwenye fanksheni moja, chagua mojawapo. Natumia kwenye fanksheni ndogondogo za mipangilio, kwenye probe ndefu bado sijaizoea na sioni aibu kusema.

Usafi wa usafirishaji mmoja: hapa Linux na Windows wanaachana

Kwenye Linux hakuna kolibaki inayoitwa "usafi wa muamala". Usafirishaji ukiisha vizuri, injini ya DMA inaita kolibaki yako ya kumaliza na humo ndo unafanya dma_unmap, yani unaichukua bafa kutoka kwa DMA. Ukikatishwa katikati, kwa mfano mtu kafuta bafa, inaitwa flush_buffer. Na flush_buffer inaitwa huku spinloki ya poti imeshikwa na intarapti zimezimwa, kwahiyo marufuku kulala. Hapo unatumia dmaengine_terminate_async, ile inayosema "acha" bila kungoja. Ile ya dmaengine_terminate_sync inayongoja mpaka kolibaki zote ziishe ni ya kwenye shutdown, nje ya spinloki, ndo maana nilisema shika hilo la kulala. Vilevile dma_free_coherent usiiite intarapti zikiwa zimezimwa, keneli itakupigia kelele na ina haki. Na kama kolibaki yako ya kumaliza inachukua spinloki ya poti, alafu wewe unaita terminate_sync ukiwa umeishika spinloki hiyohiyo, mmekaa mnasubiriana, wewe unangoja yeye amalize na yeye anangoja wewe uachie.

Windows wameenda njia nyingine. SerCx2 ilikuja na Windows 8.1, ikifuata SerCx ya Windows 8, na ni kwa ajili ya UART zilizo ndani ya chipu kuu zinazoongea na kifaa kilichofungwa palepale kwenye bodi, kama Bluetooth au GPS. Kama wewe unataka COM ya kawaida ya kuchomeka waya, sio huku. Humo kila usafirishaji ni muamala kamili wenye mwanzo na mwisho, na muamala uko wa aina tatu, PIO (prosesa yenyewe inasukuma baiti), DMA ya mfumo, na wa kujitengenezea, kila aina kwa kutuma na kwa kupokea. Kwa PIO ya kutuma unasajili ukitaka EvtSerCx2PioTransmitInitializeTransaction na mwenzake EvtSerCx2PioTransmitCleanupTransaction. Huyo wa pili anaitwa muamala ukiisha, uwe umefanikiwa, umekatishwa au muda umeisha, hana ubaguzi.

Hilo la kutokuwa na ubaguzi mimi naliona zuri kuliko la Linux. Unaandika usafi mara moja. Kwenye Linux usafi wa kufanikiwa uko kolibaki ya DMA na usafi wa kukatishwa uko flush_buffer, na ni juu yako kuhakikisha huifanyii bafa moja dma_unmap mara mbili.

Lakini lina mtego wake. Kwenye Linux fanksheni ikirudi maana yake kazi imeisha. Kwenye SerCx2 kurudi hakumaanishi kitu, mpaka uite SerCx2PioTransmitCleanupTransactionComplete ndo fremuweki inaamini umemaliza. Ni kama kutuma pesa kwa simu alafu meseji haijarudi, pesa imekatwa lakini mwenye duka hakupi mzigo. Ukisahau ule mstari kwenye njia moja tu ya if, muamala wa kwanza unapita, wa pili hauanzi, na hakuna era popote, poti imekaa tu inakuangalia. Ushauri wangu ni uiandike Complete kwanza, mstari wa mwisho wa fanksheni, alafu ujaze katikati, na usiweke return nyingine yoyote humo.

Mtego wa pili ni watu kuzima UART nzima ndani ya usafi wa kutuma. Kutuma na kupokea ni miamala miwili inayokwenda sambamba. Ukimaliza kutuma ukazima chipu, umemkata aliyekuwa anapokea katikati ya sentensi. Usafi wa muamala uguse kile tu ambacho Initialize ya muamala huo ilikigusa: biti ya intarapti ya kutuma, kiwango cha FIFO cha kutuma, basi. Wa kupokea ana EvtSerCx2PioReceiveCleanupTransaction yake na Complete yake.

Juu ya hapo Windows wana ngazi zinazolingana na zetu, na ukizipanga hivi hazichanganyi. EvtSerCx2FileOpen na EvtSerCx2FileClose ni kama startup na shutdown kwa mbali, ila kuna na EvtSerCx2FileCleanup katikati ambayo inaitwa hendo (kishikio cha poti ambacho programu imefungua) ya mwisho ikifungwa huku maombi mengine yanaweza kuwa bado yako njiani, kwahiyo ndani ya FileCleanup unasimamisha mambo tu, kubomoa subiri FileClose. Rejista ulizozimapu kwenye EvtDevicePrepareHardware unaziachia kwenye EvtDeviceReleaseHardware, hiyo ndo remove yao. Na vitu vya WDF, fremuweki kuu ya draiva za Windows, vyenyewe vina EvtCleanupCallback na EvtDestroyCallback, mzazi akifa watoto wanafutwa, hiyo ndo devm yao, tena ilikuwepo kwenye muundo toka mwanzo.

Sasa wewe uchague nini

Kama ni draiva ya Linux, bodi yako mwenyewe, hakuna DMA, poti moja mbili: probe yote devm, intarapti startup na shutdown, remove iwe na mstari mmoja wa uart_remove_one_port na usiongeze kitu. Hii inatosha asilimia kubwa ya watu na sio ya kuionea aibu.

Ukiongeza DMA, chaneli unaweza kuiomba probe au startup, mimi naiomba startup kwa sababu chaneli ni chache na poti iliyofungwa haina haja ya kukalia chaneli. Ila bafa na kila kitu cha DMA kife shutdown, kwa terminate_sync.

Kama umerithi draiva ya zamani ya goto na inafanya kazi, usiibadilishe iwe devm Ijumaa jioni. Nusu nusu ndo inayoua. Ama uigeuze yote kwa siku moja ukiwa na bodi mkononi, ama uiache.

Kama ni SerCx2 na muamala wako hauna cha kuandaa, usisajili Initialize wala Cleanup kabisa za PIO, sio lazima. Kolibaki tupu inayosubiri kusahau kuita Complete haina faida kwa mtu. Zisajili pale tu ambapo kuna kitu cha muamala huo cha kuwasha na kuzima.

Na vyovyote utakavyochagua jaribu kuvunja kabla mteja hajakuvunjia. Kwenye Linux acha cat inasoma poti upande mmoja, upande mwingine andika jina la kifaa kwenye faili la unbind lililopo chini ya /sys/bus/platform/drivers, cat inatakiwa itoke kwa amani na keneli inyamaze. Washa CONFIG_DEBUG_SHIRQ, hiyo kwa makusudi kabisa inaiita hendla ya laini ya kuchangia mara moja zaidi wakati wa free_irq, kama una kile kiupenyo changu cha kloki utakiona siku ya kwanza. CONFIG_DEBUG_TEST_DRIVER_REMOVE inafanya probe, remove, alafu probe tena kwa kila kifaa wakati wa kuwaka, bodi itawaka kwa kujikongoja lakini njia ambayo hujawahi kuipita itapitwa. Windows kuna Driver Verifier, chombo cha kuikaba draiva ikikosea, iwashe toka siku ya kwanza sio siku ya kupeleka.

Kwa lile tatizo la baiti za mwisho, shusha spidi. Weka 1200 badala ya 9600, FIFO ileile ya baiti 16 sasa inachukua kama milisekunde 133 kumwagika, alafu andika skripti inayofungua poti, inatuma mstari mmoja wenye namba, inafunga, mara 500, upande wa pili uhesabu mistari iliyofika mizima. Kabla ya kurekebisha tx_empty kwangu haikufika hata mmoja mzima. Baada ya kurekebisha ilifika yote 500, nikapandisha spidi ikarudi 9600, nikarudia, nikampigia karani nikamwambia leo ajaribu bila mkasi.